Maziwa Yaliyokuja Baada ya Kizazi

Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kuirudia hata kwa kuchungulia dirishani. Kila nilicho nacho nimekipata kwa mbwa. Nilipofika Nairobi nililala Kangemi, chumba kimoja na wenzangu, na kila asubuhi nilipanda kwa miguu hadi Kitisuru kuosha mabanda ya mbwa wa watu ambao hawakuwahi kuniuliza naitwa nani. Leo nina uwanja wangu mwenyewe, si mbali na Dagoretti Corner, mabanda ya mawe yenye sakafu ya simiti na mifereji ya maji. Nina ofisi katikati ya jiji, orofa ya pili, ambako watu wenye digrii hukaa kwenye benchi wakinisubiri niwaambie mbwa wao ana shida gani. Mbwa akitembea mbele yangu kutoka mlangoni hadi mezani, nakuambia kama mama yake alikuwa mwoga. Watu husema najisifu. Sawa. Atokee mwingine afanye nilichofanya, nami nitamsifu yeye.

Lakini yuko jike mmoja ambaye hunijia mpaka leo. Hanijii usingizini, mimi hulala vizuri. Huja mchana, nikiwa na mteja, na mteja hushangaa kuona nimenyamaza katikati ya maneno yangu mwenyewe.

Alikuwa mbwa wa Kijerumani, wale wa masikio ya kusimama, mgongo mweusi na miguu rangi ya chai. Jina langu mjini lilijengwa na kizazi chake. Ukipita Loresho, ukipita Lavington, Kitisuru yenyewe, ukaona nyuma ya geti mbwa anakutazama bila kubweka, kama mtu anayekupima nguo, uliza ametoka wapi. Kuna uwezekano mkubwa alitoka tumboni mwa yule mama. Nilikuwa bado namtarajia azae mara moja ya mwisho, na watoto hao walikuwa na wenyewe kabla hata dume hajachaguliwa.

Sasa, mdomo wangu. Kulikuwa na mteja wa Kitisuru, mama mmoja mkubwa wa ofisi, ambaye mbwa wake alikuwa kwangu akifundishwa. Huko kwao wezi walikuwa wameanza kupitia kwenye bonde. Nilimsifia yule jike hadi yule mama akasema basi hataki mwingine, anataka huyo huyo akae kwake miezi michache wakati wa kusubiri. Ningekataaje, baada ya kumsifu vile? Nikampeleka mwenyewe, nikamkabidhi kwa askari wa getini, mtu wa kwetu magharibi, mcheshi, mkono mwepesi wa salamu. Nikamwambia huyu si mbwa, huyu ni mkurugenzi. Akapiga saluti.

Miezi ilipita. Nilikuwa nikipita kumwona, na alikuwa sawa. Kisha asubuhi moja askari akanipigia simu.

"Mkubwa, mbwa yako inakunywa maji kama gari radieta imetoboka."

"Anakula?"

"Kula hapana. Inaangalia tu chakula, halafu inaniangalia mimi, kama mimi ndio nimepika vibaya."

Nilifika nikamkuta amelala karibu na bomba la bustani. Alinyanyua mkia mara moja, akauacha uanguke. Tumbo lilikuwa limejaa, na nywele za mgongoni zilikuwa zimekufa rangi. Nikamuuliza askari mbwa aliingia lini joto la kutaka dume. Ni swali la kwanza kwa jike yeyote, hata kama anaumwa jino.

"Joto gani tena, mkubwa? Joto tulizima."

"Mlizima na nini?"

Akatazama viatu vyake, halafu akanitazama mimi, na naapa alikuwa bado anatarajia nimsifu.

"Na sindano. Ile ya akina mama, ya miezi tatu."

Nikamwambia arudie polepole. Akarudia. Damu ilipoanza kutoka, madume ya bonde zima yalikuja kulala nje ya geti. Moja lilikata ua kwa meno. Madam alikuwa hawezi kurudisha gari nyuma bila kukanyaga moja. Ndipo mama wa jikoni alipotoa wazo. Yeye mwenyewe hutumia ile sindano ya kupanga uzazi, na haijawahi kumdhuru. Wakainunua duka la dawa Kangemi, na askari, aliyewahi kudunga ng'ombe kwao, akaidunga.

"Lakini mkubwa, dawa ikiweza mtu, mbwa ni nani? Na huku maaskari wote wanafanya hivyo. Uliza geti yoyote. Ilidungwa vizuri hata haikulia."

Alisema kweli, maaskari wote wa huko wanafanya hivyo. Geti moja hufundisha geti lingine, na hakuna anayemwambia mwenye mbwa, kwa sababu mwenye mbwa anataka tu usiku mtulivu. Sikumtukana. Ningemtukana, angeweza kudhani jambo lenyewe ni dogo, la kumalizwa kwa matusi. Nilimbeba jike mwenyewe hadi kwenye gari. Alikuwa moto mikononi kama sufuria.

Daktari wangu wa mifugo ni mwanamke wa rika langu, kliniki yake iko juu ya duka la vyakula vya kuku. Ana maneno machache, na mimi ninayo mengi, kwa hiyo tunaelewana. Alipaka tumbo mafuta, akapitisha mashine ya picha, akanionyesha kwenye kioo vitu viwili vyeusi vilivyolala sambamba, vinene kama mkono wangu.

"Kizazi kimejaa usaha," akasema. "Na mlango wake umefungwa. Usaha hautoki."

Nilimwambia ampe dawa ya kukikamua. Majike wengi nimewaona wakidungwa sindano ya kukaza kizazi wakati wa kuzaa, na mtoto hutoka. Usaha nao si utatoka?

"Ukikaza kizazi ambacho mlango umefungwa, ndugu yangu, kinapasuka. Usaha unaenda tumboni, na tunazika mbwa kabla ya jioni."

"Huyu ana watoto wanaosubiriwa na watu, daktari. Bado ana uzazi mmoja."

"Chagua. Kizazi au mbwa."

Nilichagua mbwa. Nataka ieleweke kwamba nilichagua upesi. Lakini kabla hajamlaza, nilimtaka anieleze, maana mimi kitu nisichokielewa huniwasha. Alinieleza huku akinyoa tumbo, na sijawahi kusahau neno hata moja.

Mbwa si kama binadamu, alisema. Mwanamke asiposhika mimba, mwili wake unajua, unafunga hesabu ya mwezi ule na kuanza mwingine. Mwili wa jike haujui. Joto likiisha, awe ameonana na dume au hajaonana, homoni moja inapanda, projesteroni, na inakaa juu miezi miwili hivi kana kwamba watoto wamo. Kazi ya homoni hiyo ni kukituliza kizazi. Inakiambia kisikaze, kisisukume, kifunge mlango, ukuta unenepe, utoe majimaji ya kulisha watoto. Tena inaambia ulinzi wa mle ndani upumzike, usije ukapigana na wageni.

"Na wageni wasipokuja?"

"Nyumba inaandaliwa vilevile. Kila joto. Vijidudu viliingia wakati mlango ulikuwa wazi, vikakuta nyumba ina chakula, mlinzi amelala, na hakuna wa kuvisukuma nje."

"Na ile sindano?"

"Ni homoni ya ukoo huohuo. Walimdunga joto likiwa limeshaanza, halikuzimika, lilipita tu. Ovari, vile vifuko vya mayai, zikafanya kazi yake, sindano ikaongeza yake juu. Kizazi kiliambiwa mara mbili kitulie. Kikatulia."

Nilisimama pale na mkono wangu kichwani mwake hadi dawa ya usingizi ikamchukua na macho yake yakapoteza nuru ya kuniona. Nilikuwa nikihesabu ndani kwa ndani, si watoto aliozaa bali zile nafasi za katikati, ile misimu niliyomwacha bila dume nikisema apumzike. Hakuwa akipumzika. Kila mara mwili wake ulitandika kitanda kwa wageni, ukangoja miezi miwili, ukatandua. Na mimi, ninayejua mbwa kwa kuwatazama wakitembea, nilikuwa nikipita mbele ya banda lake nikipiga mluzi.

Baada ya upasuaji daktari aliniita nione. Kilikuwa kwenye beseni, kimevimba, kina mishipa, kama soseji mbili kubwa zilizounganishwa upande mmoja. Kutazama ni desturi, mwenye mgonjwa huonyeshwa ili asije akasema hakuna kilichofanyika. Niliwahi kuitwa hivyo mara moja katika hospitali ya binadamu, na kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa cha mke wangu. Siku ile nilitazama upesi nikasema asante daktari. Hata kwa mbwa nilisema vilevile.

Nilimrudisha nyumbani na nikawaambia watu nimemwokoa. Ilikuwa kweli. Homa ilishuka, alikunywa maji ya kawaida, alikula maini kidogo kutoka mkononi mwangu. Mke wangu, Mkamba wa Machakos asiyependa mbwa kuingia jikoni, alimtandikia magunia makavu kwenye banda la mwisho, lile lenye jua la mchana.

"Sasa amepona," nikasema.

"Sasa ametolewa," akasema mke wangu. "Kupona ni kitu ingine."

Siku chache baadaye nilimkuta jike akichimba sakafu. Simiti haichimbiki, lakini alichimba, akazunguka, akayarundika magunia pembeni, akayapangua, akayarundika tena. Mimi nimeona majike wengi sana wakifanya hivyo, na wote huwa na kitu kimoja: siku inayofuata wanazaa. Nilicheka kidogo, kwa nini nisicheke? Kisha nikapiga magoti kuangalia nyuzi za kidonda, na kidole changu kikagusa chuchu, na tone la maziwa likatoka. Jeupe. Likakaa kwenye kidole changu.

Nilimpigia daktari simu nikiwa nimekaa palepale.

"Daktari, ulitoa nini wewe?"

"Nilitoa kila kitu. Kizazi na ovari zote mbili. Uliviona."

"Basi niambie haya maziwa ni ya nani."

Akauliza anachimba? Nikasema anachimba. Akapumua.

"Ovari ndizo zilikuwa zinashikilia ile projesteroni juu. Nimezitoa, sindano nayo imeisha nguvu, homoni imeanguka siku moja. Sasa mwili hauoni kisu, ndugu yangu. Unachoona ni kwamba projesteroni imeanguka ghafla, na kwa mbwa hiyo huanguka hivyo anapozaa. Ubongo umetuma homoni ya maziwa, prolaktini. Kwa hesabu ya mwili wake, amezaa."

"Amezaa nini?"

"Sasa hapo ndipo shida iko."

Alinipa masharti. Nisimkamue, nisimguse chuchu, maana zikiguswa maziwa huongezeka. Chochote atakachokichukua kama mtoto kiondolewe. Vidonge vya kuzima prolaktini viingie pamoja na chakula. Na akaniambia wazi kinachoweza kutokea: kidonda kiko palepale katikati ya chuchu, akijilamba nyuzi zitafunguka, na maziwa yakioza ndani, akiwa hali chakula, hatakuwa na nguvu ya kuugua mara ya pili.

Alikuwa hali chakula. Tangu maziwa yaanze alikuwa ameacha hata maini. Vidonge nilimsukumia kooni kwa kidole, akavitapika. Kola ya plastiki aliyovishwa shingoni asijilambe aliigonga ukutani ikapasuka. Na mtoto alikuwa ameshampata.

Mtoto huyo alikuwa kifaa cha kufundishia, mkono wa gunia. Mbwa wa ulinzi hafundishwi kumuuma mtu kwa maneno. Mwalimu huvaa kwenye mkono kitu kinene kilichoshonwa kwa gunia na ngozi, kutoka kiganjani hadi begani, na mbwa hufundishwa kwamba hicho ndicho adui. Yeye alikuwa hodari kwa hicho kuliko wote niliowahi kuwafuga. Akikiona tu hubadilika macho, na akikishika hakiachi hadi aamriwe. Watu walikuwa wakija kutoka mbali kumtazama akikirarua. Sijui alikipata wapi, labda kwenye waya ambako vifaa huanikwa. Nilimkuta amekilaza kwenye magunia, amejikunja kukizunguka, anakilamba kutoka upande wa kiganja hadi upande wa bega. Alikilamba kwa mpango, mbele na nyuma, vile mama anavyomlamba mtoto ili aanze kupumua.

Nilikitoa, kama nilivyoelekezwa. Hakuniuma. Alinifuata hadi mwisho wa banda, akasimama kwenye nondo na kuniangalia nikienda nacho. Kisha akaanza kutafuta. Alinusa kila pembe, akainua kila gunia kwa pua, akarudi pembe ya kwanza akaanza upya. Alikuwa akitoa sauti ndogo, si kulia, ni ile sauti ambayo jike huwaitia watoto walio gizani. Adhuhuri ilipofika alikuwa amechimba hadi kucha zinatoka damu.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo. "Mrudishie."

"Daktari amesema tumwondolee."

"Daktari hayuko hapa anasikia."

"Akiendelea kukilamba maziwa hayataisha. Maziwa yasipoisha atakufa."

"Na asipokula?"

Nikamrudishia. Alikipokea taratibu kwa meno ya mbele, akakilaza, akaanza kukilamba upya kana kwamba anakikagua kama kimeumia.

Sasa mimi si mtu wa kukaa bila wazo. Mchana wa siku iliyofuata nilimwambia mke wangu nimepata dawa, na haiko kliniki. Mbwa wa kazi huponywa na kazi. Kile kitu anakiona mtoto kwa sababu kimelala. Kikisimama, kikiwa na mkono wa mtu ndani yake, kikatikisika vile kinavyotikisika uwanjani, atakumbuka ni nini. Ataamka ndani yake yule mbwa mwingine, atakirukia, na hapo nitamvuta nje hadi kwenye jua, tumemaliza. Hakuna mwalimu wa mbwa Nairobi hii ambaye hangefikiria hivyo. Mke wangu alisema, "Na nyuzi?" Nikamwambia ataruka kidogo tu.

Niliingia bandani. Nilichuchumaa, nikaingiza mkono wa kushoto ndani ya lile gunia pale lilipolala, polepole, hadi begani. Lilikuwa na joto lake. Alinitazama. Nikaliinua kidogo, nikalitikisa, nikatoa ile sauti ya ukali na kumwamuru, "Shika."

Masikio yalisimama. Niliona lile jicho la zamani likija. Niliona, siwezi kudanganya, lilifika hadi karibu. Kisha likapita kama mtu aliyepotea nyumba na kuomba radhi. Akanusa gunia, akanusa pale mkono wangu ulipokuwa ukitembeza damu ndani yake, na mwili wake wote ukatetemeka. Kitu kilikuwa na joto, na kilikuwa kinasogea. Akalala chini, akavuta mkono wangu kwa kidevu hadi tumboni kwake, akaulalia.

Nilijaribu kuutoa, akanung'unika. Kuvuta kwa nguvu ni kufungua nyuzi. Basi nikakaa kwenye simiti, mimi mwenye uwanja na ofisi mjini, mkono chini ya mbwa. Na baada ya muda nikahisi umelowa. Maziwa yalikuwa yakipenya gunia, yakashuka kwenye kiwiko changu, ya moto.

Hapo ndipo kitu kilinishika ambacho hakijaniachia. Nilielewa kwamba mwili wake haukuwa umechanganyikiwa. Ulikuwa umepewa habari, na habari ilikuwa moja: wamekuja. Ulitafuta kote na haukuwaona. Katika banda lile mtu pekee aliyekuwa akiingia na kutoka na vitu mikononi ni mimi. Sasa nikiwaza yale macho yake kwenye nondo, nayasoma vizuri.

Mke wangu alikuja na bakuli la uji wa ulezi wenye mchuzi wa mifupa. Aliingia bila kuvua aproni, akakaa upande wa pili.

"Umekamatwa," akasema.

"Nimekamatwa."

"Uliambia watu utamfundisha. Nani sasa anafundishwa?"

"Mpe uji, mama, kelele baadaye."

Alichovya vidole akampelekea mdomoni. Jike alinusa, akanitazama mimi, akatazama mkono, akaona mtoto hajaenda popote. Akalamba. Akalamba tena. Akala bakuli zima kutoka kwenye vidole vya mke wangu, na ndani yake kulikuwa na kidonge kilichosagwa, na hakukitapika.

Kuku wa jirani walikuwa wakigombana nyuma ya ukuta. Kisha mke wangu, akiwa bado anakwangua bakuli, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Yangu walikuonyesha?"

Ningesimama kama ningeweza kusimama. Nilisema ndiyo.

"Ilikuwa aje?"

"Ndogo," nikasema. "Nilidhani itakuwa kubwa, vile ulivyokuwa unatoka damu. Ilikuwa ndogo, na uvimbe umeishika kama viazi. Ilikuwa na rangi nzuri. Sikujua kama nikwambie."

"Rangi gani?"

"Kama ndani ya pera."

Akaitikia kwa kichwa. Alisema baada ya kutolewa, kwa muda mrefu alikuwa akiamka asubuhi anahesabu siku, halafu anakumbuka hakuna cha kuhesabia. Hakusema zaidi, nami sikumwambia pole, maana ingekuwa imechelewa sana na ningeisema vibaya. Alimfuta jike mdomo kwa pindo la aproni.

Tukafanya hivyo kila mchana. Daktari alipofika na kunikuta pale, alisema nafanya kinyume cha kila alichoniagiza, kisha akaona bakuli tupu, akaangalia nyuzi, akasema endeleeni lakini mfupishe muda. Kidonda kilikuwa kimeshikana. Chuchu zilianza kulegea. Wateja wa mjini nikawaambia waje kesho, na kesho nikawaambia waje keshokutwa. Kwa kuwa mimi ndiye huyu, walisubiri.

Maziwa yalipungua kutoka kulowesha hadi unyevu, kutoka unyevu hadi harufu. Siku moja niliingia kama kawaida, nikavaa gunia, nikakaa, nikamwekea mkono. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli mlangoni. Jike alinusa gunia upande wa kiganja. Akanusa upande wa bega. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia chumbani na kusahau alifuata nini. Kisha akainuka, akajinyoosha mgongo, akapita juu ya mkono wangu bila kuukanyaga, akatoka kwenye jua. Nilimsikia akinywa maji. Nilimsikia akifika kwenye geti na kumbwekea mwanamke anayepitisha mboga za sukuma, kubweka kwa zamani, kwa mbwa mwenye kazi yake.

Ndicho nilichokuwa nimekiomba. Amepona, na yuko hai hadi leo, mwulize yeyote. Ile homoni iliisha na watoto wakaisha nayo, wote kwa mara moja, na hakugeuka kuangalia nyuma.

Mimi nilibaki nimekaa kwenye simiti, mkono umenyooka juu ya magunia, nikiushikilia kama bado ameulalia.

"Toa mkono, mzee," mke wangu akasema. "Ameenda."